Muko Bangapi?

Kuna swali nililoulizwa mara nyingi kuliko lingine lolote maishani mwangu, na kwa miaka mingi lilikuwa linanichosha. "Muko bangapi?" Huulizwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla makala hayajashika moto vizuri jikoni. Anayeuliza ni mama mfupi mwenye kitambaa kichwani, kandambili za mpira, na daftari la shule ambalo jalada lake limeshikwa kwa plasta. Husimama mlangoni, haingii. Unamjibu, "Tuko sita." Anatazama daftari. "Juzi mulikuwa saba." Hapo unaanza kujieleza kama mwanafunzi aliyechelewa: mdogo wangu amelala kwa shangazi kule Ndosho, ana mtihani, kesho atarudi. Anaandika. Anakwenda parseli inayofuata.

Jina lake sitaliandika, na sababu mtaiona huko mbele. Avenyu nzima tunamwita Mama Shefu, hata wale waliomzidi umri.

Kwa asiyeujua mji wetu: Goma, mashariki mwa Kongo, ina komini mbili, Goma na Karisimbi, na kartie 18. Kartie imegawanywa katika seluli, seluli katika avenyu, na chini kabisa, pale serikali inapokaribia kugusa vumbi, kuna nyumba kumi. Sisi tuko Mabanga Kusini. Utaratibu huu si wetu peke yetu, Watanzania waliujua tangu siku za TANU, ila huku umeota mizizi yake. Mkuu wetu wa nyumba kumi, ndiye Mama Shefu, hana mshahara wala ofisi. Ana filimbi, daftari, na kiti cha plastiki kilichokatika mguu mmoja ambacho hukiegemeza ukutani ndipo akalie. Na zile nyumba kumi si kumi. Parseli moja ina nyumba ya mbele, vyumba vitatu vya mbao vya kupangisha nyuma, na pengine binamu aliyejibanza kwenye kibanda cha mabati kando ya choo. Katika daftari lake, nyumba kumi zilikuwa na familia kumi na saba.

Baba yangu hakumpenda. Alikulia enzi za Mobutu, chama kikiwa na masikio yake kila mtaa, na alitulea tukijua kwamba anayeandika jina lako hakutakii mema. Kwa hiyo alikuwa akimdanganya kwa makusudi. Tukiwa saba ndani, anatoka mlangoni na kusema, "Watano." Mama Shefu anaitikia kwa heshima, "Aksanti, papa," na kuandika saba. Walicheza mchezo huo kwa miaka, na sijawahi kusikia mmoja wao akipandisha sauti. Mimi nilikuwa upande wa baba. Nilimwona mama huyu kama mpelelezi wa bure, mtu aliyekosa kazi akajitafutia ya kuwahesabu wenzake.

Julai 2019 Ebola ikafika Goma. Tarehe 14 ilitangazwa kwamba mchungaji mmoja aliyekuja kwa basi kutoka Butembo amekutwa na ugonjwa huo. Fikiria mji wa watu zaidi ya milioni moja, wenye mpaka ambao maelfu huuvuka kwa miguu kila siku kwenda Gisenyi, Rwanda, na kurudi na nyanya. Sisi wa Goma, wanaume hasa, tunasalimiana kwa vichwa: kipaji kwa kipaji, kushoto, kulia, tena kushoto. Ndani ya wiki moja vichwa vikaachana. Tukabaki na viwiko, na hata kiwiko chenyewe mtu alikitoa kama anayelipa deni.

Kazi ya kuuzima ugonjwa ule ilikuwa ni kuhesabu watu. Kila aliyemgusa mgonjwa ajulikane, afuatwe kwa siku 21, apimwe joto asubuhi na jioni. Vijana wa afya walikuja mtaani na tableti na vipima joto vyenye umbo la bastola, na watu wakafunga milango. Huwezi kumwelekezea mtu wa Kivu kitu chenye umbo hilo kwenye paji la uso ukategemea atabasamu. Tena uvumi ulikuwa mwingi, kwamba ni biashara, kwamba ukipanda lile gari hurudi. Vijana wakasimama nje na magwanda yao. Ndipo akaja Mama Shefu na kandambili zake. "Ni miye. Muko bangapi? Kuko mugeni?" Milango ikafunguka, mmoja mmoja.

Sisemi kwamba yeye ndiye aliyeiondoa Ebola. Chanjo ilifanya kazi yake, madaktari walifanya yao. Goma ilipata wagonjwa wanne tu, wakati mlipuko wote wa mashariki ulihesabu 3,470 hadi ulipotangazwa kwisha Juni 2020, na kati yao walikufa 2,287. (3,470 ndiyo pia mita za urefu wa Nyiragongo, volkano yetu. Nikiutazama mlima asubuhi, hesabu hizo mbili hunijia pamoja, na sijapata njia ya kuzitenganisha.) Mimi naongelea milango tu. Yule niliyemwita mpelelezi ndiye pekee aliyefunguliwa.

Ungedhani hapo nimejifunza. Wapi.

Mimi nina kibanda cha kutengeneza telefone. Nauza kredi, nabadilisha vioo, nafungua telefone zilizosahauliwa namba ya siri, na siulizi umeitoa wapi. Mwaka 2020, Korona ilipotufungia ndani, ndiye mimi niliyeanzisha group ya WhatsApp ya avenyu. Wanachama 48. Maji yakitoka kwenye bomba la kona, unaandika "maji", na kabla hujaweka telefone mfukoni unaona bidoni za njano zinakimbia. Mtoto akipotea, picha yake inafika kabla mama yake hajaanza kulia. Nilijiona nimemstaafisha Mama Shefu kwa heshima. Yeye telefone yake ni ya kitochi, na ilikuwa haishiki chaji zaidi ya saa tatu. Nilimwambia siku moja, kwa mzaha wa nusu kweli, kwamba daftari lake sasa liende makumbusho. Akacheka. Kesho yake asubuhi: "Muko bangapi?"

Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, giza lilipoanza kuingia, anga upande wa kaskazini ikawa nyekundu: Nyiragongo ulikuwa umelipuka. Hatukuwa tumepata onyo lolote. Usiku ule watu waligawanyika kama maji yaliyomwagwa, wengine Gisenyi, wengine barabara ya Sake. Uji wa moto ulishuka upande wa Buhene, ukameza vijiji, ukasimama ukingoni mwa mji, si mbali na uwanja wa ndege. Zaidi ya watu 30 walikufa. Asubuhi tulirudi tukidhani yamekwisha, na hapo ndipo ardhi ilipoanza kutetemeka. Mchana na usiku, kwa siku tano. Kuta zilipasuka. Barabarani kulifunguka ufa ambao watoto waliupima kwa kutumbukiza mkono, mama zao wakipiga kelele nyuma yao.

Hofu ya wataalamu ilikuwa kwamba moto umepita chini ya mji hadi chini ya ziwa. Na Ziwa Kivu si ziwa la kuchezea, maji yake ya kina yamebeba gesi ya kaboni na methani kwa wingi. Gesi ya kaboni sisi tunaijua kwa jina la mazuku, ile hewa nzito isiyo na harufu inayolala mabondeni na kuua mbuzi, na siku mbaya mtoto. Neno hilo wanasayansi wa dunia nzima wamelichukua kama lilivyo. Ni moja ya vitu vichache vilivyotoka Kivu bila kupimwa kwenye mizani.

Usiku wa kuamkia Alhamisi tarehe 27, saa za usiku wa manane, gavana wa kijeshi alitangaza kwamba kartie 10 kati ya 18 zihame. Mabanga Kusini ilikuwamo. Mama Shefu hakuwepo. Alikuwa Ndosho, binti yake amepatwa na uchungu wa kuzaa. Alinipigia, na kwa sababu ya ile betri yake alisema maneno matano tu: "Papa, amusha batu. Bote. Bote."

Nilirekodi ujumbe wa sauti wa sekunde arobaini. Nikautuma. Nikakaa kitandani nikitazama orodha ya waliosikia ikijaa: thelathini, arobaini, arobaini na tano. Milango ilianza kugonga, watoto kulia, injini za pikipiki kuwaka. Niseme ukweli wangu, nilisikia fahari. Ardhi inatikisika, mama yangu anafunga magodoro kwa kamba, na mimi nasikia fahari kwamba ujumbe wangu umefika.

Kutoka Goma hadi Sake ni kama kilomita 25. Sitaisimulia barabara ile. Walioipita wanaijua, na mwingine hata nikimwambia ataona ni foleni tu. Nitasema jambo moja. Nilimwona mwanamume amembeba mama yake juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, mzee wa watu amekaa juu ya gunia la makala kama malkia, na kila kwenye mteremko yule mwanamume alikuwa anamwambia, "Mama, shika." Mama anajibu, "Nimeshika." Nilitembea nyuma yao pengine saa nzima. Shika. Nimeshika.

Mama Shefu alitufikia mchana, kwenye uwanja wa shule moja ya msingi ya Sake ambako tulikuwa tumetandika mashuka. Alikuja kwa miguu. Binti yake alikuwa amejifungua salama alfajiri, mtoto wa kike, wamebaki kwa wakwe. Hakukaa. Akatoa daftari kutoka kwenye kitenge alichojifunga kiunoni na kuanza kupita shuka kwa shuka. Waliovuka kwenda Gisenyi aliwapigia kwa telefone yangu, kila familia, akitaka kusikia sauti ya mkubwa wa nyumba. Akafika mwisho wa ukurasa. Akarudi juu na kuhesabu tena kwa kalamu.

"Muzee ya saa iko wapi?"

Nyuma ya parseli ya tatu, kwenye chumba cha mbao, alikuwa anaishi peke yake mzee fundi wa saa. Hakuwa na telefone. Mtu aliyeishi kwa kutengeneza saa za mkono hakuwa na sababu ya kuipenda telefone, ndiyo iliyomfukuzia wateja.

Watu walitazamana. Kila mmoja alidhani ameondoka na mwingine.

"Ulimugongea mulango?" Alikuwa ananitazama mimi. Nilitoa telefone. Nilimwonyesha orodha, mama, angalia, hawa wote walisikia. Aliitazama ile telefone kama mtu anavyotazama samaki wa sambaza wa juzi.

"Papa," akasema polepole, "ulihesabu batu ao ulihesabu telefone?"

Motari wa pikipiki aliniomba dola ishirini kwenda na kurudi, nikampa bila kubishana. Mji ulikuwa mtupu kwa namna ambayo sijawahi kuiona na nisingependa kuiona tena. Mbuzi katikati ya barabara. Makufuli. Kwenye mzunguko ile sanamu ya chukudu ya rangi ya dhahabu, na chini yake hakuna chukudu hata moja la kweli. Tulipofika avenyu yetu nilimkuta amekaa kizingitini, amevaa koti lake la Jumapili, sanduku la vifaa juu ya magoti. Tayari kabisa. Alikuwa amekaa hivyo tangu usiku.

Nilimuuliza kwa ukali, nadhani kwa aibu, mbona hakuondoka na wengine, hakusikia kelele? Alisikia. Mwaka 2002, tarehe 17 Januari, volkano ilipolipuka, alikuwa na duka katikati ya mji. Alisikia kelele akakimbia na kelele. Aliporudi, duka lilikuwa chini ya jiwe, na ndani yake saa za wateja zaidi ya arobaini, ambazo aliwaeleza wenyewe mmoja mmoja mpaka wengine wakamwita mwizi. Tangu hapo akaapa hatakimbia tena kwa kelele. Atakimbia kwa filimbi ya Mama Shefu.

"Na filimbi haikulia," akaniambia. Kwa upole, kama anayemweleza mteja kwamba saa yake bado haijawa tayari. Ndani ya sanduku, safari hii, saa za wateja zilikuwamo zote.

Mwanzoni mwa Juni tuliruhusiwa kurudi. Tangi la maji la upande wa Buhene lilikuwa limeharibiwa na mabomba yamekatika, basi tukarudi kwenye kazi yetu ya zamani ya kuvoma maji ziwani. Group iliendelea. Ila kuanzia siku ile nilianza kwenda na Mama Shefu asubuhi, mara mbili kwa wiki, nikimshikia mwavuli msimu wa mvua.

Hapo ndipo nilipoona kwamba hesabu ilikuwa ni kisingizio. "Muko bangapi" ni swali ambalo mtu hawezi kulijibu kwa "salama tu". Ukimuuliza mtu habari gani, atakuambia muzuri, hata kama jana amelala njaa. Ukimuuliza mko wangapi, inabidi awapitie wote kichwani, na akimfikia yule mwenye shida sauti inakwama kidogo. Mama Shefu alisubiri pale inapokwama. "Sita... tuko sita." Basi anabaki amesimama, anatazama paa, anasifu nguo iliyoanikwa, mpaka inatoka: mume hajarudi toka Walikale miezi miwili, au binti ana mimba na baba mtu bado hajaambiwa. Haandiki hayo. Jioni utaona mtoto wa nyumba nyingine analetewa kazi ya kumbebea maji yule binti, na hakuna aliyejua imeanzia wapi.

Salongo ya choo, ile kazi ya pamoja, niliielewa pia. Goma yote imekaa juu ya jiwe la volkano, na kuchimba shimo la choo hapa ni kazi ya nyundo na chuma, kokoto kwa kokoto, wiki na wiki. Mjane wa parseli ya saba choo chake kilijaa. Mama Shefu aligawa siku kwa nyumba: leo nyumba hii inatoa kijana, kesho ile, asiye na kijana alete maharagi. Niligongagonga jiwe lile siku yangu mpaka viganja vikatoa malengelenge, nikashuka kina cha kiganja kimoja. Aliyefuata kesho yake alikuwa jirani tuliyekuwa hatusemezani naye kwa mwaka mzima kwa ajili ya ukuta. Alinikuta nimeacha nyundo shimoni, akauliza kwa sauti ni mjinga gani aliyeichimba kona hii vibaya. Nikasema ni mimi. Akacheka, mimi pia. Ukuta bado uko vile vile, ila tunasalimiana.

Mwaka 2022 shirika moja lilimwalika kwenye semina ya uongozi wa jamii, hoteli ya kando ya ziwa, nikaenda naye kama katibu. Siku tatu. Kulikuwa na karatasi kubwa ukutani na kalamu za rangi. Tuliambiwa kiongozi ni mtu mwenye dira, kiongozi anashawishi, kiongozi anawawezesha wenzake. Yote ni kweli, nadhani. Mama Shefu alisinzia saa ya juisi. Mwezeshaji, kijana mpole wa watu, akamwamsha kwa swali: mama, kwa uzoefu wako, sifa ya kwanza ya kiongozi ni ipi? "Kuamuka mapema," akasema. Ukumbi ukacheka, na kijana akaandika "kujituma". Posho ya semina alinunulia madaftari mawili na plasta.

Wasomaji wangu vijana wataniambia kwamba nasifu utawala wa kizee, na kwamba mji huu huu ndio uliozaa LUCHA mwaka 2012, vijana waliodai maji na kazi, na ambao kwa makusudi hawakujiwekea rais. Nalipenda wazo hilo. Nimeimba nao. Lakini hata kundi lisilo na rais, jioni baada ya maandamano lazima awepo mmoja anayejua nani hajafika nyumbani. Yeye sijui mnamwita nani. Mimi huyo ndiye ninayemtafuta kila nikisikia neno kiongozi, na mara nyingi simwoni juu ya jukwaa.

Mwisho wa Januari 2025 mji ulibadilika mikono. Vita vilikuwa vimetuzunguka kwa miaka mitatu, kambi za waliohama zimejaa kuanzia Kanyaruchinya hadi Bulengo, na tarehe 27 waasi wa M23 wakatangaza kwamba wameichukua Goma. Siasa yake waandike wengine. Mimi naandika ya avenyu. Tulilala sakafuni nyuma ya magodoro. Umeme hakuna, maji hakuna, intaneti hakuna, na group yangu ya watu 48 ikawa jiwe mfukoni. Katikati ya milio, siku ya pili, nilisikia mtu anagonga ubao wa nyuma, taratibu, kwa kidole. Alikuwa amepita uani, kutoka ua hadi ua, kwenye mianya ambayo kuku hupitia. "Muko bangapi?" Mama yangu akajibu kwa kunong'ona. Baba, ambaye miguu ilikuwa haimbebi tena, akaongeza kutoka kitandani, "Saba, mama. Tuko saba wote." Ndiyo mara pekee niliyomsikia akimpa hesabu ya kweli.

Milio ilipotulia nilikwenda kumwangalia. Nilimkuta amechuchumaa mbele ya jiko la makala, anachana daftari ukurasa kwa ukurasa na kulisha moto. Madaftari yote. Lile la 2019, lile la Sake lenye doa la mvua, na mapya ya semina. Nilitaka kumshika mkono.

"Mule kuko nani alitoka wapi," akasema bila kugeuka. "Kuko mutoto ya nani iko jeshi. Kuko nani alifika juzi na anaogopa nani. Ikipatikana na mutu ya bunduki, mutu yeyote ya bunduki, haiko tena kaye ya nyumba kumi."

Baba yangu alikuwa sahihi miaka yote ile kuhusu daftari. Kuhusu mwenye daftari alikosea. Nilirudi nyumbani, nikangoja intaneti irudi, na siku iliporudi nikaifuta group, namba zote 48. Ilichukua muda mrefu kuliko nilivyodhani, kwa sababu inabidi umwondoe mmoja mmoja.

Benki zilifunga milango. Pesa ya telefone ipo, ila kuigeuza noti mkononi unakatwa, na noti zenyewe zimechakaa hadi wauzaji wanazikataa. Likelemba ya akina mama wa avenyu, ule mchango wa pesa wa zamu, ingekufa hapo. Mama Shefu aliigeuza: badala ya franka, kila mama anatoa kopo la maharagi na kopo la unga kila Jumamosi, na zamu inazunguka kama zamani. Mwenye zamu anapeleka soko la Kituku kuuza au anakula na watoto, ni shauri yake. Wawili walikosa kutoa wiki za kwanza. Hakuna aliyewasema.

Na daftari sasa ni sisi. Jioni, akichambua maharagi, ananiambia nianze kwa parseli ya kona. Nataja nyumba, mkubwa wa nyumba, watoto kwa kufuatana, wapangaji, wageni. Mwanzoni nilikuwa naishiwa katikati ya parseli ya nne. Yeye hanirekebishi jina, anasema tu, "Rudi." Narudi mwanzo. Mzee wa Saa alifariki 2023, tukamzika na koti lake, na nikifika kwake nilikuwa naruka. "Rudi. Kwake nani iko sasa?" Kuna mama kutoka Masisi na watoto wawili. Mdogo anaogopa filimbi.

Anajifunza pia yule mtoto wa alfajiri ya Sake, mjukuu wake, miaka minne sasa. Anazitaja parseli tatu za kwanza kwa wimbo, na ya tatu huwa anaidanganya akitafuta sifa.

Mdogo wangu, yule wa mitihani, aliondoka Februari, akapitia Uganda. Alipiga telefone mara mbili kutoka Kampala, halafu namba ikaacha kupatikana. Nyumbani hatulizungumzi. Mama anaendelea kuosha shuka lake na kulikunja.

Leo asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, mlango uligongwa. Hana cha kushika mkononi siku hizi, na mikono yake inaonekana haijui iwekwe wapi.

"Muko bangapi?"

"Tuko sita," nikasema, na pengine sauti ilikwama.

Alibaki amesimama. Alitazama paa, akatazama kamba ya nguo, lile shuka likiwa pale linachuruzika.

"Saba," akasema, na kwenda parseli inayofuata.